Mguu wa Nasra Ndani ya Eda

Hasira ya Nasra ilianzia kwenye kiti. Kiti chenyewe hakikuwa na kosa. Kilikuwa cha marehemu mumewe, Juma, cha mbao ya lifaki, mikono mipana, mgongo mrefu, na kimeinuka sana kwa sababu Juma alikuwa mtu wa miguu mirefu. Nasra ni mfupi. Akiketi pale nyayo zake hazifiki sakafuni, zinaning'inia kama za mtoto aliyepakatwa juu ya kaunta ya duka. Na pale ndipo alipowekwa, tangu asubuhi mpaka mgeni wa mwisho alipoaga, kila siku, kwa heshima.

Heshima hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia, maana nusura imle mguu.

Nasra ni mshonaji. Ukiingia Kabondo, mtaa wa Kisangani, ukauliza nyumba ya kanzu, utaelekezwa kwake hata na watu ambao hawajavaa kanzu maishani mwao. Anashona kanzu za Idi, sare za shule, foronya, mapazia, blauzi za manesi. Cherehani yake ni ya miguu, ya chuma cha zamani, kwa kuwa umeme wa Kisangani huja kama mgeni mwenye haraka: hajaketi vizuri ameshaaga. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akikanyaga ile pedali, kisigino chini, vidole chini, kisigino chini, vidole chini, huku Juma akienda na kurudi Isangi kununua samaki wa moshi.

Alizaliwa Basoko, na utotoni huko mbu walimpa minyoo, ile myembamba kama uzi inayokaa ndani ya mwili bila mtu kujua. Minyoo ilikufa zamani. Alimeza dawa zilizogawiwa mtaani, kama wengine. Lakini ilikuwa imeshaharibu kitu ndani ya mguu wa kushoto, na tangu hapo mguu huo ukawa mnene kidogo kuliko mwenzake. Jioni unakuwa mzito, asubuhi umepungua. Nasra aliutania kwamba huo ndio mguu unaokula nyama, ule wa kulia unakula majani ya pondu, kisha akarudi kazini.

Juma akafa. Alirudi kutoka Isangi akikohoa, akalala, hakuinuka. Nasra akaingia eda.

Mnajua eda ilivyo: miezi minne na siku kumi mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani, hatoki bila dharura, hajipambi, hazungumzi habari za ndoa. Hilo Nasra hakulipinga. Alimpenda Juma, na kumlilia alitaka kumlilia. Shida ni kwamba dada mkubwa wa Juma, Hadidja, alivuka mto kutoka Lubunga na sanduku lake, akaja kuisimamia eda hiyo kana kwamba ni sherehe yenye wageni wa serikali.

Msimchukie haraka. Hadidja alikuwa amempoteza mdogo wake wa mwisho. Aliyemlea mgongoni, aliyemfundisha kutembea. Alilia mpaka sauti ikakauka, na aliporudiwa na sauti aliamua jambo moja: hakuna mtu mjini atakayesema kwamba ndugu yake hakuombolezwa ipasavyo. Wajane wengine wanakaa mkekani. Mjane wa Juma atakaa kwenye kiti cha Juma, mbele ya wageni, na hatagusa kitu. Maji ataletewa. Lituma, ndizi za kupondwa, ataletewa. Hata tasbihi ikianguka, mwingine ataiokota.

Na cherehani ikafunikwa shuka, ikasukumwa chumba cha nyuma. Nasra aliuliza kwa nini. Hadidja akamjibu kwamba ile mashini inaimba, mutu akipita barabarani atasema muke ya Juma iko anafurahi.

Nasra akarudi kitini. Mjane mpya hana nguvu ya kubishana, na wifi mkubwa huko kwetu ni kama mkwe. Lakini hasira ikaketi naye pale kitini.

Mguu ulianza kusema kabla yake. Kwanza viatu vikagoma. Kisha asubuhi ikawa haileti nafuu tena: anaamka, mguu uko vilevile, mgumu, ngozi imevutika inang'aa. Kifundo kikapotea. Nasra akaomba alale kidogo mchana, akaambiwa wageni wa Yanonge wako njiani. Akaomba atembee uani, Hadidja akamwambia kwa upole kabisa kwamba kila anachokiona jirani kinafika mji mzima.

Ukaanza mnong'ono. Kulikuwa na binamu yao Karima, mwanamke anayejua msiba wa kila nyumba kabla ya maiti kuoshwa. Karima aliuangalia mguu, akainama sikioni kwa jirani yake, akasema kwa ile sauti ya siri inayosikika mpaka jikoni kwamba Juma ndiye ameushika. Kwamba mwanamume aliyeachwa aende Isangi akiwa na kikohozi hawezi kulala vizuri kaburini. Nasra alisikia kila neno. Hakuachwa aende, alikuwa amemsihi abaki, na Juma alicheka akapanda boti. Akakaa na maneno hayo juu ya kile kiti, miguu inaning'inia.

Hapo Hadidja aliogopa, na hofu yake ikazaa kosa lenyewe. Aliona maji yanapanda: jana kifundoni, leo katikati ya muundi. Akawaza, yakifika moyoni wifi yangu amekufa, nami nitazika wawili. Kwa wazee wake, maji ya mguu yalifungiwa njia. Akakata utepe wa kaucho, mpira wa ndani wa baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, akaufunga chini kidogo ya goti, akaukaza, akatia fundo, akakaza tena. Nasra mwenyewe alimnyooshea mguu. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo kuliko kiti, kuliko Karima: kwamba alimnyooshea mguu, akasema asante Yaya, kama mtu anavyomwita dada mkubwa.

Chini ya ule utepe mguu ulijaa kama kiriba. Katikati ya vidole ngozi ikapasuka. Kisha ikaja homa, na wekundu wa moto ukapanda kutoka unyayoni.

Nuru, binti pekee wa Nasra, anauza vitenge soko kuu. Ni mwanamke mzima, lakini mbele ya shangazi yake alikuwa akiongea kwa kuangalia sakafu. Siku ile alimkuta mama yake anatetemeka kitini, meno yanagongana, na wageni wawili wanakunywa chai. Hakuaga. Alikwenda mbio kwa Claudine, mama wa Kikristo wa ukoo wa wavuvi wa Isangi, anayefanya kazi ya kunyoosha viungo kwenye kituo kimoja cha afya, na ambaye blauzi zake zote za kazi alishonewa na Nasra.

Hadidja alisimama mlangoni. Alisema mjane hafunuliwi mguu mbele ya watu. Claudine akamjibu kwamba basi watu watoke, na akapita. Wageni wakatoka na vikombe vyao.

Aliufunua mguu. Alibonyeza kidole gumba kwenye muundi, akakitoa, na shimo likabaki pale limekaa. Kisha akaomba mkasi. Nuru akaleta ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Kaucho ilipokatika iliacha mtaro mwekundu kwenye nyama, ambao mtu angeweza kulaza kidole ndani yake.

"Nani alifunga hii?" Claudine akauliza.

"Ni mimi," Hadidja akasema. "Maji ilikuwa inapanda."

"Yaya, maji ilikuwa inatafuta njia ya kupanda. Wewe ulifunga ile njia."

Nasra alikuwa na homa, na homa humtoa mtu adabu. Aliinua kichwa akamtazama wifi yake kwa macho mekundu.

"Mulinikalisha kama sanamu," akasema. "Mulinifunga muguu kama mbuzi ya Idi. Sasa mulete kisu, mumalize."

Walimtoa siku hiyohiyo kwa daktari. Hadidja alijaribu kusema habari za eda, lakini Nuru, kwa mara ya kwanza akimtazama usoni, alimwambia ameshapita kwa mwalimu wa msikiti kumuuliza, na mwalimu amesema ugonjwa ni dharura, na kwamba eda haijawahi kumkataza mtu kutumia mikono na miguu yake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hadidja akajibu kwamba mwalimu anajua kitabu, yeye anajua midomo inayopita mlangoni. Lakini alisogea kando, wakapita.

Daktari alitoa dawa za kuua vijidudu na onyo: wakichelewa tena, mguu utakuwa mgumu kama gome na hautarudi, na homa ya namna hiyo inaweza kuingia kwenye damu ikamaliza mtu. Nasra akalala, mguu juu ya mito. Alilala kwa hasira. Nuru anasema hata usingizini taya zilikuwa zimekaza.

Homa iliposhuka, Claudine akarudi na bandeji, na safari hii alimwambia Hadidja aketi karibu. Nasra aligeuza uso ukutani. Claudine akaongea na mgongo wake hivyohivyo.

Alieleza taratibu, akianzia kwenye damu. Moyo unaisukuma kwa nguvu, na inapofika kwenye mishipa midogo kuliko unywele, ile nguvu inakamua maji kidogo kidogo yatoke nje ya mishipa, yanaingia katikati ya nyama, yanailisha. Mengine yanabaki pale. Hayo yana mishipa yao ya kuyarudisha, mishipa ya limfu. Mingi imelala juujuu tu, chini ya ngozi, laini, nguvu yake ndogo. Ndiyo maana kaucho iliiziba kwa urahisi. Mishipa ya damu inayoleta iko ndani zaidi na ina moyo nyuma yake, ilizidi kuleta. Mlango wa kuingilia ulibaki wazi, wa kutokea ukafungwa, na nyumba ikafurika.

Nasra aliuliza bila kugeuka, maji yanaingiaje kwenye mshipa ambao hauna kitu cha kuyavuta.

Claudine akavuta mto mmoja kutoka chini ya mguu. Foronya yake ilikuwa ya Nasra mwenyewe, ile isiyo na kifungo, ambayo kitambaa kimoja kinalala juu ya kingine mdomoni.

"Angalia kazi yako, mama. Kutoka inje, nasukuma mukono, kitambaa inafunguka, naingia. Kutoka ndani, muto inasukuma, kitambaa inajifunga. Mwanzo ya ile mishipa iko vile. Maji ikikuwa mingi katikati ya nyama, inasukuma, kamulango inafunguka, inaingia. Ikiisha kuingia, yenyewe inajifungia nyuma."

Nasra aligeuka. Alichukua ile foronya akatia mkono, akautoa.

"Na kisha?"

Kisha, Claudine akasema, mshipa una vyumba, na kila chumba kina mlango wa namna hiyo, wa upande mmoja. Kuta zake zinajibana zenyewe kidogo, zinasukuma maji chumba cha juu. Lakini peke yake ni kazi ndogo, na kwa Nasra minyoo ilishazilegeza kuta hizo. Kinachosaidia ni nyama ya shavu la mguu. Mtu akikunja na kunyoosha kifundo, nyama inakaza, inaubana mshipa, maji yanaruka chumba kimoja. Ikilegea, mlango unazuia yasirudi, na chumba kilichobaki kitupu kinapokea mengine kutoka chini. Hivyo, chumba kwa chumba, mpaka juu kwenye shingo, yanamwagwa tena katika damu. Mguu ukining'inia bila kucheza, yanabaki chini, yanarundikana. Na yakirundikana sana yanautanua mshipa mpaka vile vitambaa viwili havikutani tena. Mlango haufungi. Uvimbe unazaa uvimbe.

Akamfunga bandeji huku akieleza: kuanzia vidoleni, kaza chini, legeza kadiri unavyopanda, ili maji yasukumwe kuelekea juu na siyo kubanwa mahali pamoja. Hadidja aliifuata mikono yake kwa macho. Kilikuwa kinyume kabisa cha alichofanya, na alikiona.

"Sasa ukiwa na bandeji ucheze muguu," Claudine akasema. "Kisigino chini, vidole chini. Mara nyingi. Kisha upumuzike, muguu juu."

Nasra alikuwa anaangalia mlango wa chumba cha nyuma.

"Hiyo si ni mashini?" akasema.

Claudine akasema ndiyo, hakuna dawa bora kuliko hiyo, na kwamba labda ndiyo iliyomtunzia mguu miaka yote.

Basi hapo hasira ya Nasra ikapata jina. Mpaka siku ile alikuwa anakasirika kama mtu anayeumwa, kila upande. Sasa alijua alichonyang'anywa. Hakuwa amenyang'anywa kazi tu. Alinyang'anywa mguu wake, ukafunikwa shuka, ukasukumwa chumba cha nyuma, kisha watu wakaja kumwambia ni Juma. Akadai cherehani itolewe saa ileile.

Hadidja alisema yuko tayari kumkanda, kumfunga bandeji, kumwinua na kumlaza, kuondoa kiti, kila kitu. Lakini ile sauti isisikike barabarani, eda ikiwa haijakwisha. Nasra akamwambia basi atamke mbele ya Claudine kwamba anachagua masikio ya barabara kuliko mguu wa mke wa ndugu yake. Hadidja hakutamka. Aliingia chumba cha nyuma, wakasikia chuma kikigongana, na akatoka anaisukuma cherehani mwenyewe, akiwa amebeba mkononi ule mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu.

"Ukanyage," akasema. "Kushona, bado."

Yaani pedali ichezwe, gurudumu la chini lizunguke, sindano isiende popote. Akaufunga mkanda kiunoni, juu ya kitenge.

Nuru anasema hajawahi kuona mtu akikanyaga vile. Mama yake aliketi kwenye kigoda cha kazi, nyayo zote mbili bapa juu ya pedali, mgongo wima, macho kwa Hadidja, akakanyaga. Hakuna uzi, hakuna kitambaa. Mashine ya mshonaji ikizunguka bure mbele yake ilikuwa tusi, na alilikanyaga tusi hilo asubuhi na jioni. Akichoka analala, mguu juu. Akiamka anakanyaga. Kwa Hadidja hakusema neno ila lile lisiloepukika: maji, chumvi, amina. Hadidja alimfunga bandeji kila asubuhi, kuanzia vidoleni, kama alivyoonyeshwa, amepiga magoti sakafuni, na juu ya kichwa chake haikutoka shukrani.

Mguu ulianza kutii. Ngozi ikapata mikunjo midogo, kama nguo iliyotolewa kwenye mwili mnene. Kidole cha Claudine kikiacha shimo, shimo linajaa upesi. Asubuhi moja Hadidja, akifungua bandeji, alisimamisha mkono hewani. Mfupa wa kifundo ulikuwa umetokea. Aliugusa kwa kidole kimoja. Nasra alimwona, akaangalia pembeni.

Wageni walipungua, lakini Karima hakupungua. Alikuja siku moja alasiri, Nasra akiwa kazini kwenye pedali. Bila mkanda ile cherehani haiimbi, ila gurudumu lake lilikuwa na mlio, kwi, kwi, kwi, na mlio ulifika mlangoni. Karima alisimama kizingitini, akaweka mkono kifuani. Alisema alisikia kitu tangu barabarani akadhani amekosea nyumba. Akauliza, kwa ile sauti yake, kama siku hizi kwa wajane kumekuwa na muziki. Akaingia, akaketi, akaongeza kwamba Juma, maskini, hata mwaka hajamaliza.

Nasra hakuacha kukanyaga. Alikuwa anamngoja wifi yake. Mambo yote aliyoyafanya Hadidja kwa hofu, kiti, shuka, mkanda kiunoni, yalikuwa kwa ajili ya sentensi hii, na sasa imesemwa, na aliyeisema ameketi anangoja chai.

Hadidja aliweka birika chini.

"Karima," akasema, "ile ni muguu ya wifi yangu. Mimi ndiye niliifunga na kaucho, kwa mikono yangu hii, ikataka kuoza. Juma hakuishika. Juma alikuwa mutu muzuri, angeishika kwa nini? Kama sauti iko inakuchoma, masikio ni yako, uyabebe uende nayo."

Alisema bila kupaza sauti, lakini shingo yake ilikuwa imesimama mishipa. Karima alimtazama, akatazama birika, akakumbuka ana safari ya kwenda mahali. Alipotoka, Hadidja alibaki amesimama katikati ya chumba akihema, mikono haijui pa kwenda, amekasirika kama mtu aliyechelewa sana kukasirika.

Gurudumu likasimama. Nasra alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Mukanda, Yaya."

Hadidja alihangaika na fundo kiunoni mpaka likafunguka. Nasra aliuvisha mkanda kwenye magurudumu, akatia uzi, akaulamba, akaupitisha kwenye tundu la sindano. Uso wake haukuwa umelainika hata kidogo. Alisema kwamba mguu huu hautakuwa sawa na mwenzake tena, Claudine ameshamwambia, atafunga bandeji mpaka kaburini, na kwamba yeye si mtu wa kusahau haraka, Yaya ajue hivyo. Hadidja akasema anajua. Kisha akaenda akafungua madirisha ya upande wa barabara, yote mawili, na cherehani ikaanza.